Mteja ameigeuza chupa, kisha ameirudisha kwenye shelfu: kutafuta kasoro kwenye vifungashio vya vipodozi

Mteja aliyesimama mbele ya shelfu ya vipodozi hana maabara. Ana macho, vidole na pua, na losheni anaihukumu kwa chupa yake. Ana haki ya kuwa mkali. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya lakini bado zinauzwa chini kwa chini, na chupa tupu za bidhaa zenye jina huokotwa zikajazwa upya. Ndiyo maana lebo iliyoinuka pembeni, au tarehe iliyofutika nusu, inatosha kumfanya aseme "hii feki" na kusogea.

Haya yameandikwa kwa mtengenezaji mdogo anayejaza kwa mkono au kwa mashine ya mezani. Kabla hujamlipa mtu akuchoree lebo mpya, nenda kwenye duka linalouza bidhaa yako, chukua chupa 10 zilizokaa hapo mwezi mmoja au zaidi, uzipange mezani kando ya 10 zilizotoka stoo leo. Zigeuze, zibonyeze, zifungue. Tofauti utakazoziona ndizo mteja anazoziona kila siku, na nyingi zinatibika bila kugusa mchoro.

"Hii imeshafunguliwa"

Chanzo cha kwanza ni kwamba watu wanaifungua kweli, ili wanuse. Hapo sili peke yake haitoshi. Kila dukani peleka chupa moja ya kujaribia iliyoandikwa hivyo kwa herufi kubwa, nyingine zibaki zimefungwa. Muuza duka akikosa chupa ya kujaribia, atafungua ya kuuza.

Chanzo cha pili ni sili iliyopo lakini haishiki. Kama unatumia shrinki, ile plastiki inayonywea kwa joto, na inavuka kifuniko ikiwa nzima, umenunua saizi kubwa mno. Pima kipenyo cha mahali panapofungwa, zidisha kwa 3.14, gawa kwa 2, ongeza milimita 2 au 3. Kifuniko cha mm 28 kinatoa mzunguko wa mm 88, nusu yake 44, kwa hiyo shrinki ikilazwa bapa iwe na upana wa mm 46 au 47. Mikunjo upande mmoja inaonyesha kwamba joto lilikaa sehemu moja: zungusha chupa, usizungushe mkono. Chagua yenye mstari wa vitobo, ili mteja asitafute kisu.

Kama ni foili ya alumini inayobandikwa kwa mashine ya indaksheni, inayoipasha foili joto bila kuigusa, na inatoka kwa kuguswa tu, geuza chupa usome namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba hiyo inataja aina ya plastiki: 1 ni PET, 2 ni HDPE, 4 ni LDPE, 5 ni PP. Foili yenye tabaka la polithini inashika HDPE na LDPE, lakini haishiki PET hata ukiipitisha mara tatu. Muuzaji wa foili aambiwe namba ya chupa kabla hujalipa. Namba zikilingana na bado haishiki, angalia mdomo wa chupa: tone moja la mafuta linatosha kuizuia. Angalia pia kifuniko, kwa sababu foili inahitaji kugandamizwa wakati wa joto, na kifuniko kilicholegea hakigandamizi. Harufu ya kuungua na ukingo wa kahawia ni joto lililozidi. Foili iliyoshika vizuri ikibanduliwa huacha duara kamili mdomoni, lisilokatika popote.

Foili za kubandika kwa kidole ziachie bidhaa kavu kama poda. Kwenye mafuta gundi yake hulainika, na mteja akikuta foili inaelea ndani hakuelewi tena.

Lebo inabanduka, au imelowa mafuta

Tazama inapoanzia kuinuka. Ikiwa ni pembe tu, lebo ina kona kali: ikatwe kwa kona za mviringo wa mm 2 hadi 3. Ikiwa ni ukingo wa juu wote, imepanda hadi pale chupa inapoanza kupinda kuelekea shingoni. Ishushe angalau mm 3 chini ya pindo. Ikiwa ina mikunjo katikati, chupa ni laini ya kuminya na lebo ni ngumu. Chupa ya kuminya inataka lebo ya polithini, inayojikunja na kurudi pamoja nayo. Ikiwa lebo nzima inateleza, ilibandikwa juu ya mafuta, jasho la chupa au vumbi la stoo. Futa kwa spiriti ya asilimia 70 na kitambaa kisichotoa nyuzi, acha ikauke, bandika ukisukuma kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda nje, kisha acha saa 24 kabla ya kupanga kwenye katoni. Gundi haikamiliki dakika ile ile.

Kwa bidhaa ya mafuta, usitumie lebo ya karatasi. Ichukue chupa ya mafuta ya nazi iliyotumika wiki mbili bafuni uiangalie kwenye mwanga: karatasi imegeuka ya kuonea ng'ambo, madoadoa kama ya gazeti lililofungia maandazi, na maandishi ya viambato yameyeyukia ndani yake. Kuipaka plastiki juu hakusaidii sana, kwa sababu mafuta huingia kwenye kingo zilizokatwa. Chapa kwenye plastiki ya BOPP kwa chupa ngumu, au polithini kwa chupa laini.

Wino nao ujaribiwe kabla ya kuchapa elfu. Sugua mara 20 kwa kidole chenye maji, mara 20 kwa mafuta yenyewe, mara 20 kwa sanitaiza. Ukiona rangi kidoleni, mteja ataiona kwenye taulo yake.

Chupa imevimba, au imebonyea

Hapa watu wengi hukosea dawa, kwa sababu dalili moja ina vyanzo vinavyotofautiana kabisa: kimoja hakina madhara yoyote na kingine kinatosha kuondoa sokoni bechi nzima, yaani chupa zote za mchanganyiko mmoja.

Anza na ramani. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Mbeya iko takriban mita 1,700 juu, Nairobi karibu 1,800. Ukipanda hadi huko, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua kwa takriban asilimia 18 hadi 20. Hewa uliyoifungia shingoni mwa chupa pale Dar bado ina nguvu ya pwani, kwa hiyo inasukuma. Mililita 10 za hewa zinataka kuwa kama 12. Foili inatuna, ubavu wa chupa bapa unatoka nje, na pampu inadondosha losheni mdomoni hata ikiwa imefungwa, maana hewa ya ndani inaisukuma losheni ipande kwenye mrija. Ukijaza Nairobi ukateremsha Mombasa, kinyume chake: chupa inajiingiza ndani kama shavu la mtu anayefyonza.

Chanzo cha pili ni vijidudu. Losheni, jeli ya mshubiri, maji ya waridi na chochote chenye maji kinaweza kuchacha, na gesi yake ikavimbisha chupa.

Kuvitofautisha hakuhitaji mashine. Uvimbe wa mwinuko unatokea safarini, chupa zote zinavimba sawa, na hauongezeki tena. Ukiirudisha chupa moja Dar bila kuifungua, inanywea. Uvimbe wa vijidudu unachagua: katoni ya 24 inaweza kuwa na chupa nne zilizovimba na 20 nzima, na wiki ijayo zikawa saba. Ukifungua inapuliza, harufu ni ya uchachu au pombe, losheni imekuwa majimaji au ina madoa kwenye ukingo wa mdomo.

Ukigundua ni mwinuko, punguza hewa iliyofungiwa ndani, tumia chupa ya mviringo badala ya bapa, na kwa pampu weka kizibo cha muda chini yake au safirisha pampu ikiwa nje ya chupa, imefungwa kando. Ukigundua ni vijidudu, ondoa bechi yote sokoni. Usiichemshe, usiongeze kihifadhi, usiihamishie kwenye chupa mpya. Kisha tafuta palipoingilia: mara nyingi ni chupa zilizosuuzwa kwa maji ya bomba zikafungwa zingali na unyevu. Zioshe, zigeuze kichwa chini zikauke kabisa, zipulizie spiriti ya asilimia 70, ziache zikauke tena. Kopo la mdomo mpana nalo linakaribisha vidole vyenye maji ya bafuni. Kwa bidhaa yenye maji, pampu au tyubu ni salama zaidi, na kihifadhi hakikwepeki kwa kuandika "asilia".

Kubonyea bila kusafiri kuna sababu zake. Ikiwa chupa ilibonyea siku ile ile, ulijaza kwa moto. Hewa iliyofungiwa kwenye nyuzi 70 hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wake ikipoa, na PET yenyewe huanza kulainika kwenye joto hilo. Jaza bidhaa ikiwa chini ya nyuzi 40, funga ikishapoa. Ikiwa inabonyea taratibu kwa wiki kadhaa na harufu inafifia, manukato yanapenya ukuta wa plastiki. Mafuta ya maganda ya ndimu na machungwa hufanya hivyo sana kwenye LDPE, na chupa huwa laini na ya utelezi kwa nje. Jaza chupa sita, zipime kwa mzani wa gramu, ziweke mahali penye nyuzi 40 kwa wiki nne, upime kila wiki. Uzito ukipungua wiki hadi wiki bila kuvuja, hamia PET au kioo.

Inavuja kwenye mkoba

Laza chupa 10 ubavu juu ya karatasi ya tishu nyeupe kwa saa 24, mahali pa joto. Doa likianzia kwenye uzi wa kifuniko, kaza upya na urudie, kwa sababu kifuniko cha plastiki hulegea kidogo siku ya kwanza. Likirudi, kifuniko na chupa si jamii moja. Shingo huandikwa kwa namba mbili, mfano 24/410: ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni mtindo wa uzi. Kifuniko cha 24/400 kitaingia kwenye chupa ya 24/410, kitaonekana kimekaa, na kitavuja. Hili hutokea unaponunua chupa duka moja na vifuniko duka la pili, kwa hiyo nenda na chupa mkononi, na ujaribu vifuniko 20, usijaribu kimoja.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi na siagi ya shea kwenye 30 na kitu. Ndani ya gari lililoegeshwa juani yote ni maji. Kopo lisilo na diski ya ndani linalofaa kwa krimu nzito halifai kwa bidhaa hizi, hata kama ulipojaza zilikuwa zimeganda.

"Mbona haijajaa?"

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuchanganya gramu na mililita. Mafuta ya nazi ni mepesi kuliko maji: mililita 100 zina uzito wa gramu 92 hivi. Aliyeandika "100 g" kisha akajaza kwa kikombe cha mililita 100 amempunja mteja gramu nane kila chupa, na Wakala wa Vipimo akija hataangalia nia. Aliyeandika "100 ml" kisha akapima gramu 100 amejaza karibu mililita 109, na chupa itavuja. Mafuta ya majimaji yaandikwe mililita, na siagi iliyopigwa iandikwe gramu, maana povu lake litashuka kwenye joto na kopo litaonekana nusu. Mteja akiwa na gramu mkononi, ataelewa.

Chupa iliyouzwa kama ya mililita 250 pima mwenyewe. Ipime tupu, ijaze maji hadi pomoni, ipime tena: kila gramu ni mililita. Acha nafasi ya asilimia 3 hadi 5, kwa sababu mafuta yakitoka nyuzi 25 hadi 45 hupanuka kwa asilimia 1 na nusu hivi. Nafasi hiyo ikionekana kwenye chupa angavu, chagua chupa ambayo mstari wa kujaa unaangukia shingoni. Na losheni iliyokorogwa kwa kasi ilale usiku mmoja kabla ya kujazwa, ili mapovu yatoke kwenye ndoo badala ya kutokea dukani.

Maneno ya lebo yanatia shaka

Mteja anayejua kusoma viambato anaongezeka. Viambato hupangwa kwa wingi, kinachozidi kikiwa mbele. Vilivyo chini ya asilimia 1 ndivyo vinavyoweza kufuatana vyovyote mwishoni. Ukiandika MBUYU kwa herufi kubwa mbele, kisha nyuma *Adansonia Digitata* (mbuyu) ikaja baada ya *Parfum* (manukato), umejisemea mwenyewe kwamba mbuyu ni tone tu. Ongeza mbuyu au punguza herufi.

"Haina kemikali" iondoe. Maji nayo ni kemikali. Sema kitu kimoja unachoweza kukithibitisha, kama "haina rangi ya kuongeza". "Inatibu chunusi" inaitoa bidhaa kwenye vipodozi na kuipeleka kwenye dawa. Kwa Tanzania maana yake unatoka TBS (shirika la viwango) na kuingia TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Namba ya SPF (kiwango cha kinga ya jua) isiyotokana na kipimo cha maabara ifutwe leo hii: kuna watu wenye ualbino wanaotoka juani wakiitegemea.

Kama lebo yako bado ina jina la TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, mteja makini anajua ni ya zamani. Mwaka 2019 TFDA iligeuka TMDA na usimamizi wa vipodozi ukahamia TBS. Alama ya ubora ya TBS au ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) iwekwe na mwenye leseni tu. Kenya, mteja anaweza kutuma SM# na namba ya kibali kwenda 20023 akajibiwa hapo hapo dukani, kwa hiyo namba hiyo isomeke bila miwani na ifanane na jina lililo mbele. Kiwango cha Afrika Mashariki cha kuweka lebo kwenye vipodozi ni EAS 346. Msomee mchapaji kabla hajaanza. Maelekezo na tahadhari ziwe kwa Kiswahili, herufi zisipungue pointi 6, nyeusi juu ya rangi nyepesi. Dhahabu juu ya nyeupe inapendeza kwenye skrini ya kompyuta na haisomeki chini ya taa ya duka.

Tarehe na bakodi

Tarehe iliyogongwa kwa muhuri wa wino wa maji juu ya plastiki inatoka kwa jasho la kiganja. Tumia wino wa kiyeyushi unaokaushwa haraka, chini ya chupa, au riboni ya resini kama unachapa lebo kwa mashine ya joto. Andika mwezi na mwaka kwa ukamilifu, 04/2027. "03/04/27" kila mtu anaisoma kivyake. Boksi na chupa vibebe bechi moja. Stika ya tarehe mpya juu ya tarehe ya zamani isiwekwe kwa sababu yoyote, hata kama ya kwanza ilikosewa na mchapaji: mteja ataikwangua kwa kucha, na atakachodhani hakitabadilika.

Bakodi isiyosomeka mara nyingi ina mistari myekundu au ya chungwa. Mwanga wa skana nyingi ni mwekundu, kwa hiyo mistari hiyo haionekani kabisa. Saizi kamili ya EAN-13, bakodi ya kawaida ya tarakimu 13, ni mm 37.29 kwa 25.93 pamoja na nafasi nyeupe za pembeni, na isipunguzwe chini ya asilimia 80. Kwenye chupa nyembamba ilaze ili mistari ipande kama vipandio vya ngazi, vinginevyo inazungukia ubavuni na skana inapoteza ncha. Na usinakili bakodi ya bidhaa nyingine: mteja akiipiga kwa simu inaleta jina la sabuni ya mtu, na hapo huna la kujitetea. Namba zinazoanza na 620 hutolewa na GS1 Tanzania, tawi la shirika la kimataifa la bakodi, na 616 na GS1 Kenya.

Rangi si ile ya mara ya kwanza

Mchapaji alipewa faili la rangi za skrini. Mpe la rangi nne za uchapaji, pamoja na namba ya Pantone (orodha ya rangi inayotumiwa na wachapaji) kwa rangi kuu, na lebo moja iliyosainiwa na ninyi wawili iwe ndiyo kipimo. Nakala yako itunze gizani, maana nayo hupauka.

"Imeniwasha"

Swali la kwanza kwa mteja liwe namba ya bechi, na la pili chupa ilikuwa na sili alipoinunua au la. Kwa kila bechi weka chupa tatu kando, zilizofungwa vile vile kama za kuuza, hadi tarehe yake ya mwisho ipite. Fungua moja, linganisha rangi, harufu na ukolevu wa bidhaa na chupa aliyoirudisha. Zikifanana, tatizo liko kwenye bidhaa au ngozi yake haipatani na kiambato fulani: mwambie aache kuitumia, na umwonyeshe orodha ya viambato aende nayo kwa daktari. Zisipofanana, huenda chupa ilijazwa na mtu mwingine. Mwulize ameinunua duka gani, upitie shelfu ya duka hilo siku hiyo hiyo na chupa yako ya akiba mkononi.